Mnara wa Bagamoyo: mwisho wa njia iliyoanzia Lualaba

Reli kutoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika mji wa Bukama, huko Katanga, mwaka 1918. Kuanzia hapo mji ukawa mlango: treni inashusha mzigo ukingoni, boti inaupokea na kuteremka nao Lualaba kwa zaidi ya kilomita 600 hadi Kongolo. Mapadri, kengele, mifuko ya saruji, mabati na vitabu vya misa, vyote vilipita kwa mtindo huo. Ndiyo maana ukimuuliza mkazi wa Bukama dini ya Kikatoliki iliingia nchini kwa njia gani, huenda akaanza na reli, kisha akawataja Wafransisko waliokabidhiwa misheni za upande wa Kamina.

Jibu hilo si baya, ila halijafika mwisho. Ipo njia nyingine, kongwe kuliko reli, iliyotoka mashariki kwa miguu. Ilivuka Ziwa Tanganyika kwa majahazi na mitumbwi, ikapita Ujiji na Tabora, na ikaishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, katika mji mdogo wa Bagamoyo, kaskazini mwa Dar es Salaam. Huko, mwendo mfupi kutoka ufukweni, kuna parokia ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Ndani ya viwanja vyake kuna kanisa kubwa linalotumika hadi leo, na si mbali nalo umesimama mnara uliobaki peke yake. Kanisa ulilolihudumia halipo tena.

Watalii huuita mnara wa Livingstone. Jina hilo lina sababu, lakini lina udhalimu wake pia.

Sababu yenyewe ni hii. David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Scotland, alitumia miaka yake ya mwisho akiufuatilia mto ambao watu wa Bukama huchota maji yake kila asubuhi. Alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mwaka 1871, akiamini kwamba huo ndio mwanzo wa mto Nile. Julai mwaka huohuo alishuhudia soko la Nyangwe likigeuka machinjio, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walipowamiminia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Akaondoka akiwa amevunjika moyo, akarudi kutafuta chemchemi za mto kusini zaidi. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, ndani ya Zambia ya leo. Hakujua kwamba Lualaba si Nile bali ni Kongo. Jambo hilo alilithibitisha msafiri Henry Morton Stanley mwaka 1877 alipoufuata mto hadi Atlantiki.

Wenzake Livingstone wangeweza kumzika palepale. Hawakufanya hivyo. Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright, pamoja na wapagazi waliokuwa nao, waliutoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa wiki mbili, kisha wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai la tanga. Wakaubeba begani kwa miezi mingi, kupitia nchi ambazo maiti ya mgeni ilikuwa balaa tupu. Mahali pamoja baada ya Tabora wenyeji walipokataa kuipisha, walijifanya wanairudisha nyuma kwenda kuizika. Kumbe walikuwa wameifunga upya ionekane ni robota la nguo, nalo likapita mbele ya macho ya watu bila kushukiwa.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Jioni ya tarehe 24 mwili uliwekwa katika kanisa la misheni, kanisa ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Livingstone alikuwa Mprotestanti; mapadri waliompokea walikuwa Wakatoliki wa Kifaransa; wengi wa waliombeba walikuwa Waafrika waliowahi kuonja utumwa. Muda mfupi baadaye manowari ya Kiingereza iliuchukua mwili kuupeleka Unguja, na tarehe 18 Aprili ukazikwa katika kanisa la Westminster mjini London. Wainwright alisafiri nao. Chuma na Susi walilipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Walialikwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yameshapita.

Hiyo ndiyo sababu ya jina. Udhalimu wake ni kwamba mnara umepewa jina la mtu aliyeletwa hapo akiwa maiti, akalala kidogo tu, ilhali watu walioujenga na kusali chini yake maisha yao yote hawakuachiwa hata kibao. Na habari yao ndiyo habari ya jengo lenyewe.

Inaanzia ng'ambo ya bahari. Mwishoni mwa mwaka 1860 padri Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na mapadri wenzake na masista. Sultani Majid aliwaruhusu kukaa. Mwaka 1863 kazi ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, likiongozwa na padri Antoine Horner. Soko la watumwa la Unguja wakati huo lilikuwa wazi mchana kweupe, na mapadri walifanya jambo ambalo lingali likizua mjadala kati ya wanahistoria: waliingia sokoni na kununua watu, hasa watoto, ili wawaachilie. Fedha zilitoka kwa michango ya Wakatoliki wa Ulaya, ikiwemo ile ya watoto wa shule. Baada ya miaka michache nyumba ya Unguja ilijaa, nao walihitaji ardhi ya kulima. Horner akachagua bara. Machi 1868 misheni ya Bagamoyo ikafunguliwa.

Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Bagamoyo ndipo misafara ilipoteremkia na ndipo ilipoondokea. Pembe za ndovu kutoka Manyema na nchi ya Waluba, shaba ya Katanga na mateka wa vita vya bara, vyote vilishuka hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kujenga kijiji cha watu huru mahali hapo ilikuwa sawa na kupiga kambi katikati ya njia ya siafu.

Kijiji kilipewa jina la Mtakatifu Yosefu. Watoto walisoma, wakalima, wakajifunza useremala, uashi na uhunzi. Walipokua walioana wao kwa wao na kupewa kibanda na shamba. Kwenye barua za misheni picha ni ya furaha. Ukisoma kwa makini unaona pia kengele iliyopanga kila saa ya siku, kazi ndefu shambani, adhabu, na vijana waliotoroka. Mtu aliyenunuliwa na padri hakuwa mtumwa tena, lakini hakuwa pia na ukoo wa kumrudia wala nauli ya kumfikisha kwao. Uhuru wake ulikuwa na mipaka ya shamba la misheni. Mwandishi wa leo hana haja ya kulificha hilo, wala ya kulifanya ndilo habari yote, maana soko la Unguja lilikuwa umbali wa siku moja kwa jahazi.

Majengo ya kwanza yalikuwa ya miti, udongo na makuti. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga pwani. Kisiwani Unguja kilifyeka mikarafuu kiasi kwamba biashara ya karafuu ilihamia Pemba. Bagamoyo kiliangusha karibu kila kilichokuwa kimesimama misheni. Ni baada ya pigo hilo ambapo mapadri waliamua kujenga kwa mawe. Kanisa lenye mnara ni la mwaka huohuo wa 1872. Nyumba ya mapadri, yenye matao yaliyopangana mbele kama ushoroba wa monasteri, ilianzwa mwaka uliofuata. Mwaka 1876 ikaja nyumba ya masista, ambayo leo ndiyo makumbusho, na mwaka huohuo likajengwa pango la Bikira Maria kwa mfano wa lile la Lourdes, kazi ya mikono ya watumwa walioachiliwa huru.

Ukiukaribia ukuta wowote wa zama hizo, pale lipu ilipobanduka, utaona jiwe lisilofanana na jiwe la Katanga hata kidogo. Lina vitundu, jepesi kuliko unavyotarajia, na ukitazama vizuri utaona ndani yake alama za viumbe vya baharini. Hilo ni tumbawe. Waswahili wa pwani walikuwa wakilijengea misikiti na majumba karne nyingi kabla ya Mfaransa yeyote kutia mguu hapo. Lile la nchi kavu huchimbwa na kupasuliwa vipande kwa ajili ya kuta. Lile laini la chini ya maji hukatwa likiwa bado bichi, likachongwa kwa ajili ya vizingiti na nakshi kabla halijakauka na kuwa gumu.

Kinachoyashika mawe hayo si saruji bali chokaa, na chokaa nayo inatokana na tumbawe lilelile. Magogo hupangwa duara kubwa, tabaka juu ya tabaka, mawe yakatandazwa juu, moto ukawashwa kutoka katikati. Mawe yaliyoungua humwagiwa maji yakavunjika kuwa unga mweupe; unga huo huachwa muda mrefu upoe na kukomaa ndipo uchanganywe na mchanga na udongo mwekundu. Ni kazi ya kuni nyingi na subira nyingi zaidi. Ukuta unaotokana nayo huwa mnene, mara nyingi nusu mita na ushei, nao hupumua: unyevu unaingia na kutoka bila kuubomoa.

Hapo ndipo padri aliyekuja na ramani ya kanisa kichwani alipokutana na sheria za pwani. Dari na ghorofa za Waswahili hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haina urefu wa kutosha kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Unguja, Lamu na Bagamoyo ni virefu na vyembamba. Kanisa la Kikatoliki la karne ya 19 lilitaka kinyume chake: ukumbi mpana, altare inayoonekana na watu wote, paa lililoinuka. Kuna njia chache tu za kumaliza ugomvi huo. Unaweza kuagiza mbao ndefu kutoka mbali, au kuligawa kanisa kwa safu za nguzo, au kulifanya jembamba na kuupeleka ukubwa juu, kwenye mnara. Mnara wenyewe hauna tatizo la boriti. Ni jiwe juu ya jiwe, na upana wake unatosha kwa kengele na mtu wa kuivuta.

Mafundi walitoka wapi? Mabruda wa shirika walileta ufundi wa Ulaya: seremala, mwashi, mhunzi. Lakini bruda mmoja hawezi kuchimba mawe, kuchoma chokaa na kupandisha ukuta wa ghorofa. Kazi hiyo ilifanywa na wakazi wa kijiji cha Mtakatifu Yosefu, watu waliokuwa wametokea kila pembe ya bara, pamoja na wajuzi wa pwani waliojua chokaa imeiva lini. Matokeo ni jengo lenye ramani ya Ufaransa na mwili wa Kiswahili. Wataalamu wa majengo huzungumzia mitindo. Hapa mtindo uliamuliwa zaidi na kilichopatikana ufukweni kuliko na kilichochorwa karatasini.

Misheni haikuwa majengo peke yake. Miembe ilipandwa pande mbili za barabara inayotoka baharini, na kivuli chake bado ndicho njia ya kuingilia. Kahawa iliyoletwa kutoka Réunion ilioteshwa katika mashamba ya misheni, na kutoka hapo mbegu zikasambaa hadi Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya, ambako wakulima bado wanaijua aina inayoitwa ya misheni ya Wafaransa.

Kisha kuna mbuyu. Ulipandwa mwaka 1868, na sasa ni jitu lisiloweza kukumbatiwa na watu kadhaa. Kwenye shina lake chini kumebaki kipande kifupi cha mnyororo, kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kukipita bila kukiona. Sehemu iliyobaki imemezwa na mti wenyewe. Mgeni akiona mnyororo Bagamoyo hukimbilia hitimisho moja tu, na wapo waelekezaji wanaomwacha nalo. Habari inayosimuliwa misheni ni tofauti kabisa. Takriban mwaka 1895 muuguzi wa Kifaransa, Madame de Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa hapo, alifunga mnyororo kwenye mbuyu ili amfungie punda wake. Mti ukanenepa, mnyororo ukaachwa, basi. Katika mji uliojaa minyororo ya kweli, huo mmoja unaopigwa picha kuliko yote ulikuwa wa punda.

Mwaka 1888 pwani ilipowaka moto, na Bushiri bin Salim akaongoza vita dhidi ya Kampuni ya Wajerumani, misheni ya Bagamoyo haikuguswa. Maelfu ya watu walikimbilia ndani ya viwanja vyake, mji wenyewe ukigombewa kwa mizinga. Mapadri walizungumza na pande zote mbili, jambo lililowaletea lawama kutoka pande zote mbili pia. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi huohuo wa Desemba Stanley aliingia Bagamoyo akiwa na Emin Pasha, gavana wa zamani wa kusini mwa Sudan, na katika karamu ya kuwapokea Emin akaanguka kutoka dirisha la ghorofani akalazwa hospitali wiki kadhaa. Wakati huo Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa Kijerumani. Mwaka 1891 makao yakahamishiwa Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina, na Bagamoyo ikaanza kupungua pole pole.

Katika nyumba ile ya matao aliishi pia Charles Sacleux, padri aliyefika pwani mwaka 1879. Alikusanya mimea na maneno kwa bidii sawa. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa miaka mingi baada ya yeye kurudi Ulaya, kati ya 1939 na 1941, na hadi leo mtu anayetaka kujua neno la kale la chombo cha baharini au la lahaja iliyokwisha kufifia huifungua kwanza hiyo. Kwa msomaji wa Kongo, aliyefundishwa kwa Kifaransa na anayezungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, hakuna kitabu kinachomhusu zaidi, ingawa si rahisi kukipata.

Kanisa la 1872 lilikuwa dogo kwa parokia iliyokuwa ikikua. Mwaka 1906 Bagamoyo ilifanywa makao ya vikarieti ya kitume chini ya askofu François-Xavier Vogt, na mwaka 1910 ujenzi wa kanisa jipya ukaanza. Lilimalizika 1914, mwaka ambao vita kuu ya Ulaya ilizuka na kuifikia Afrika Mashariki. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916. Kanisa hilo jipya ndilo parokia inalotumia sasa: refu, la mawe, kuta zake zikiwa nene kwa mtindo uleule wa pwani. Dada yake yuko Unguja, kanisa la Mtakatifu Yosefu katika Mji Mkongwe, lililojengwa na shirika hilohilo miaka ya 1890. Wenyeji hulitambua kwa minara yake miwili, inayoonekana tokea baharini kabla ya nyumba nyingine yoyote. Lile la Bagamoyo halikujengwa kwa kuonekana. Limejificha nyuma ya miembe.

Na Katanga inaingia wapi? Inaingia kila mahali, ukijua pa kutazama.

Machi 1873 luteni Mwingereza Verney Lovett Cameron aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Oktoba alikuwa Tabora, na hapo akakutana na Susi na Chuma wakija na mwili. Aliwashauri wauzike huko huko. Walikataa, wakaendelea kuelekea mnara; yeye akaendelea kuelekea magharibi. Akavuka Lualaba, akaingia nchi ya Waluba, na akakaa miezi mingi katika himaya ya mfalme Kasongo Kalombo, ambako alimkuta mfanyabiashara wa pwani Juma Merikani ameshajenga na kulima. Ni yeye aliyeandika habari za ziwa Mohrya na nyumba zake zilizosimama juu ya nguzo majini. Waluba wa enzi hizo, kwa hiyo, walimjua Mswahili wa Bagamoyo kabla ya kumjua padri.

Padri alifuata nyayo hizohizo. Juni 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadri Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie kutoka Algiers, uliondoka Bagamoyo ukiwa na watu kumi. Baadhi walishika njia ya Uganda, wengine njia ya Ziwa Tanganyika. Upande wa pili wa ziwa, afisa Mbelgiji Émile Storms alikuwa mwaka 1883 amejenga ngome huko Mpala, kwenye mlango wa mto Lufuko. Wenyeji walimwita Bwana Boma. Mwaka uliofuata aliamuru kuuawa kwa chifu Lusinga, na fuvu lake akalichukua hadi Brussels. Sanamu ya Storms iliyokuwa katika bustani ya mji huo iliondolewa mwaka 2022. Mwaka 1885 mfalme Leopold aliikabidhi ngome kwa Mapadri Weupe. Misheni ya Mpala ilizaliwa hivyo, ndani ya kuta zilizojengwa kwa bunduki, na miaka miwili baadaye akaja kuilinda Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, ambaye aliishi, akaoa na kuzeeka kando ya ziwa hadi kifo chake mwaka 1927.

Tofauti ya Mpala na Bagamoyo inastahili kusemwa waziwazi. Bagamoyo ilijengwa kwenye ardhi ya Sultani kwa ruhusa yake, katikati ya mji wa Kiislamu uliokuwa na nguvu kuliko mapadri. Hakukuwa na haja wala uwezo wa kujenga ngome. Mpala ilirithi ngome, na kwa muda ilitumaini kuwa ufalme wa Kikristo wenye jeshi lake. Ukuta mmoja ulijengwa kuwakaribisha watu waliokimbia, mwingine ulitobolewa matundu ya kupigia risasi. Tabia za misheni hizo mbili katika miaka yake ya mwanzo zinaeleweka vizuri zaidi ukizianzia hapo, kwenye ukuta, kuliko ukianzia kwenye mahubiri.

Hata hivyo ni upande huu wa ziwa uliozaa tunda la kwanza. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba, Stefano Kaoze alipewa upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuwa padri. Katika mwaka huo reli ilikuwa bado haijafika Bukama.

Njia ilipita pia watu wasiotaka kuhubiri chochote. Mwaka 1891 kapteni William Stairs alianzisha msafara wake wa kijeshi Bagamoyo, akavuka Tanganyika, akafika Bunkeya, na tarehe 20 Desemba mfalme M'siri akauawa kwa risasi. M'siri mwenyewe alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa njia hiyohiyo, aliyefuata shaba kutoka Tabora na kujijengea ufalme.

Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliojenga Bagamoyo, walikuja Katanga wenyewe mwanzoni mwa karne ya 20, safari hii wakiwa chini ya serikali ya Wabelgiji. Prefektura yao ya kitume ya Katanga Kaskazini iliundwa mwaka 1911, na misheni zao ziliufuata Lualaba, ikiwemo Kikondja kando ya ziwa Kisale, jirani kabisa na Bukama. Ni kwa shirika hilohilo damu nyingi ilimwagika tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 walipouawa na askari huko Kongolo, mwisho ule ule wa safari ya boti inayoanzia Bukama.

Bagamoyo imeendelea kupanda na kushuka. Vikarieti ilihamia Morogoro, parokia ikabaki na historia yake, kisha mwaka 2025 Vatikani ikatangaza jimbo jipya la Bagamoyo. Majengo yanakarabatiwa kwa vipindi, na ugomvi wa mafundi ni uleule unaosikika Unguja na Lamu: saruji ni rahisi, inakauka upesi na iko dukani, lakini ukiipaka juu ya ukuta wa tumbawe na chokaa inafungia unyevu na chumvi ndani. Ukuta unaonekana mzima kwa miaka michache, kisha lipu inabanduka vipande vikubwa na kuondoka na jiwe. Dawa ni kurudi kwenye chokaa, na chokaa inataka kuni, miezi ya kusubiri na fundi anayeijua, vitu vitatu ambavyo vyote vimepanda bei.

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha inafika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na kusimama hapo, kwa kuwa nchi iliyoiwasilisha inaishia hapo. Mpala, mji wa Kasongo, Nyangwe na nchi ya mfalme Kasongo Kalombo, kulikotoka pembe na wengi wa waliozibeba, haviko ndani yake, na kuviingiza kungehitaji Kinshasa na Dodoma zikae meza moja.